Mkono wa salamu ofisini usilazimishwe, na kiganja kisikunwe

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hili la kupeana mikono maofisini, watu wanaliona dogo ila sisi wanawake tunaokaa mapokezi na kwenye mauzo tunakutana nalo kutwa nzima.

Nyumbani tulifundishwa vizuri tu. Mkubwa unamwamkia shikamoo, unasubiri yeye ndo akupe mkono, unaupokea kwa wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, au unapokea kwa mikono miwili umeinama kidogo, na wasichana wa makabila mengi wanapiga goti kabisa. Pwani na Visiwani mtoto anambusu babu yake mkono. Ukimkuta mtu anakula au ametoka shambani mikono ina udongo anakupa kifundo cha mkono, unashika hapo na maisha yanaendelea. Yaani utaratibu upo, anayestahili heshima ndo anatangulia kutoa mkono, mwingine anasubiri.

Sasa siku hizi kijana katoka chuo, keshasoma mtandaoni kwamba kwenye intavyu lazima utoe mkono kwa kujiamini na ubane kwelikweli, anaingia mlangoni shikamoo hajatoa, anaunyoosha mkono juu ya meza kwa mama wa umri wa mama yake mzazi. Hilo ni la kumwelekeza tu, ataelewa.

Linaloniuma ni hili la kukuna viganja. Kuna wanaume, tena watu wazima wana suti na vyeo, unampa mkono kwa heshima kama mgeni wa ofisi, anakukuna kiganja kwa kidole huku anakuangalia usoni, na sote hapa nchini tunajua maana yake, anakutaka kimapenzi, ukivuta mkono anakaza, anaendelea kuuliza habari za nyumbani kama hakuna kitu. Ukisema, unaambiwa mbona utani tu dada, umekuwa mkali sana. Sio utani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya jinsia yake ni ubaguzi, na kumekatazwa. Wanaume wenzao kushikana mikono na kuongea nusu saa bila kuachiana ni urafiki wao, sina neno, lakini mimi na mteja niliyemuona leo urafiki huo umetoka wapi?

Halafu wapo dada zetu Waislamu, na wanaume pia wapo, ambao hawashikani mkono na mtu wa jinsia nyingine asiyekuwa maharimu wao, yaani ndugu wa karibu wasiyeweza kuoana naye, wanaweka mkono kifuani na kusalimia vizuri kwa tabasamu, lakini ofisi nyingine wanaitwa wenye maringo. Sweden mwaka 2018 mahakama ya kazi iliiamuru kampuni imlipe mwanamke wa Kiislamu krona 40,000 kwa sababu intavyu yake ilikatishwa baada ya kukataa mkono wa mwanaume, wakati alikuwa ameweka mkono kifuani kama hivyo. Sisi tunaoishi nao mtaa mmoja miaka yote tunashindwaje kuwaelewa?

Na tusiseme salamu bila mkono ni dharau, Machi 2020 wakati wa korona Rais Magufuli na kiongozi wa upinzani Maalim Seif walisalimiana kwa miguu pale Ikulu Dar es Salaam, nchi nzima tuliona picha na heshima yao ikabaki pale pale. Mwaka 2023 Kagera walipopata ugonjwa wa Marburg watu waliambiwa waache kushikana mikono na salamu hazikufa.

Maofisa utumishi nawaomba, siku mnampokea mfanyakazi mpya mnamweleza habari za likizo na muda wa kuingia, mwambieni na hili, kwamba mwanamke akileta mkono upokee, ushike, uachie, asipoleta msalimie kwa mdomo inatosha. Na yule anayejulikana idara nzima kwamba anawakuna viganja mabinti wanaokuja fildi aitwe yeye, aandikiwe barua yeye, sio binti ndo ahamishiwe ghorofa nyingine.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam