Zuhura, uliza maji kabla ya kuuliza bei

South C, Nairobi

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Mamako anakusalimu sana, na nduguzo pia. Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma mara tatu. Moyo ulinishtuka kwanza, kisha nikafurahi kwamba mwanangu aliyezaliwa Pumwani na kukulia baina ya magorofa anataka kuijua bahari ya babu yake.

Umesema mnakwenda Watamu na wenzako wa chuo, mtapiga kayaki siku nzima katika hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, pamoja na mwongozaji, na bei mmeipata nzuri. Saa hukuniambia. Nilipokupigia ndipo ukasema ni saa 2 asubuhi, na kwamba huenda mkaisogeza safari wiki moja mbele kwa sababu mmoja wenu ana mtihani. Hapo ndipo nilipoona nikuandikie, maana haya hayaishi kwa simu.

Mwaka jana mwezi wa Novemba ofisi yetu ilitupeleka huko huko. Nilikuletea picha, lakini sikukusimulia yote. Usiku tuliofika nilitoka nje nikauona mwezi mpevu umesimama juu ya bahari, nikajua kesho yake ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Mtoto yeyote wa Kibokoni, Mombasa, wa rika langu anajua kwamba siku za bamvua maji ya pwani yetu huwa yamekauka saa 4, saa 5 asubuhi. Na karatasi ya safari ilisema tunaingia majini saa 4. Nilinyamaza. Nilijiambia hawa ndio wenye kazi yao, mimi niko Nairobi tangu 1991, nitawafundisha nini?

Hatukufika hata mita 300. Kayaki zilikwama topeni, tukashuka kuzivuta, tope magotini na jua la saa 6 utosini, kila mtu na chupa moja ndogo ya maji ya kunywa. Kijana aliyetuongoza alikuwa mpole na alifanya alichoweza, lakini ile saa alipangiwa na watu walio mbali na maji. Mwenzetu mmoja wa uhasibu alikanyaga chaza waliogandamana kwenye mizizi ya mkoko, wayo ukachanika, ukashonwa Malindi. Hakunilaumu, kwa kuwa hakujua kwamba nilijua. Mpaka leo tukikutana kwenye lifti namwangalia mguu.

Kwa hiyo, mwanangu, nataka uyajue maji wewe mwenyewe, usiyaachie karatasi. Babu yako hakuwa na saa ya mkononi wala kitabu cha maji. Alikuwa akihesabu mwezi. Ile kalenda ya msikiti iliyoko ukutani jikoni kwetu, yenye tarehe za Kiislamu kwa herufi ndogo, ndiyo kitabu chenyewe. Mwezi 1 hadi 3, yaani siku ya kwanza hadi ya tatu ya mwezi mwandamo, na tena mwezi 15 hadi 17, ni bamvua: maji hujaa mnamo saa 10 au 11, alfajiri na tena jioni, na hupwa katikati ya asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa kwake hupita mita 3, yaani mlango wa nyumba na nusu yake. Mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na kujaa kwake huangukia saa 4, saa 5 asubuhi. Kati ya siku hizo hesabu ni nyepesi, kwani kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ndani ya hori huchelewa zaidi kidogo, kwa sababu lazima yapite kwanza kwenye mlango mwembamba.

Nimeitazama kalenda. Jumamosi mliyoichagua ni mwezi 9. Saa 2 asubuhi ni saa njema kabisa: mkianzia upande wa mlangoni maji yatakuwa yanaingia, yatawasukuma hadi ndani ya mikoko, na mkigeuza mchana yatawarudisha taratibu. Aliyeipanga saa hiyo anajua kazi yake, au amebahatisha. Utamjua mkisogeza siku. Jumamosi inayofuata ni mwezi 16. Saa 2 ya siku hiyo maji yatakuwa yanapwa kwa nguvu zote kuelekea mlangoni, hori inapomwagikia bahari kuu, na hakuna kasia la mwanafunzi linaloshindana na mkondo ule. Akikwambia, "Siku imebadilika, kwa hiyo twende saa 8 mchana," mfuate popote. Akikwambia saa ni ile ile, wewe sema. Sema mbele ya wenzako wote, hata kama wamekwisha lipa, hata kama watakuona mkorofi.

Upepo nao: Desemba ni kaskazi. Asubuhi bahari huwa shwari, baada ya adhuhuri upepo hupanda. Ndani ya hori mikoko itawakinga, lakini mtu akiwaambia mtoke nje kwenye miamba baada ya chakula cha mchana, mimi nisingekubali kwa mara ya kwanza.

Sasa nikusimulie lile jema, maana sitaki uende na hofu tu. Siku ya tatu ya safari ile nilimtafuta mvuvi mmoja wa Dabaso ambaye siku hizi hutembeza watu kwa kayaki. Nilimuuliza tutoke saa ngapi. Hakutaja saa, aliyatazama maji, akasema, "Tule kwanza." Tukatoka saa 9 kasoro. Alinikataza kuvuta kwa mikono. Kaa wima, akasema, kanyaga kwa miguu, uzungushe kiwiliwili, kasia litakufuata. Baada ya robo saa mabega yaliacha kuuma. Tuliipita mililana, jamii ya mikoko, iliyosimama mbele kabisa ikiipokea bahari, tukaingia kwenye mikoko yenyewe, ile mizizi iliyopinda kama matao, na maji yakipanda juu yake bila sauti. Ndege waliotoka Ulaya na Asia kuikimbia baridi walikuwa wamejipanga kwenye kipande cha mwisho cha mchanga, wakisogea kila maji yaliposogea. Nilikumbuka boriti za dari ya nyumba niliyozaliwa, zilikatwa kwenye miti kama ile. Niliweka kasia mapajani nikalia kidogo, Zuhura. Yule mvuvi aliangalia pembeni, akaniacha.

Mambo madogo. Jaketi la kuokolea funga mikanda yote, kisha mwombe mwenzako alivute juu mabegani; likipanda hadi masikioni, omba jingine. Kuogelea bwawani unajua, lakini jaketi usilivue. Mkipinduka usiiache kayaki, inaelea: ishike, tulia, igeuze ikae sawa, kisha jitupe juu yake kwa tumbo huku ukipiga miguu. Mkikaa wawili, mzito akae nyuma aelekeze, na wa mbele ndiye anayeshika mwendo. Viatu vya mpira vya kufunga, si ndara. Maji ya kunywa lita 2 za peke yako. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Na usiokote hata kombe moja. Mahali pale ni hifadhi tangu 1968, na unavyoviona vimebaki kwa sababu hiyo.

Kabla ya safari njoo ulale nyumbani, treni ya Mombasa utaipata Syokimau asubuhi. Kalenda nitakuonyesha kwa kidole, kama nilivyoonyeshwa. Chapeo ya ukindu ya babu yako iko juu ya kabati, na mamako amekwisha itia kamba ya kufunga kidevuni. Ukifika Watamu, nipigie usiku kabla ya kulala, uniambie mwezi ni mwezi ngapi na mnatoka saa ngapi. Sitalala mpaka unipigie.

Babako