Barua kwa Mama Eliya kuhusu GMO na mtama pori

Dodoma Mjini,
Novemba

Mama Eliya mpendwa,

Habari za Kongwa? Huku tuko salama, tunasubiri mvua. Umeuliza kama mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa jeni (chembe za kurithisha sifa) maabara, zikija zitatorokea porini na kuharibu mbegu zetu za asili. Inategemea zao, na naona huku kwetu watu wanakodolea macho zao ambalo silo.

Wengi wanataja mahindi, kwa sababu yale ya kustahimili ukame yalifanyiwa majaribio hapa Makutupora kuanzia 2016, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha majaribio ya GMO. Lakini mahindi hayana ndugu wa porini Afrika. Nduguye, teosinte, yuko Mexico na Amerika ya Kati. Punje ikidondoka barabarani inaweza kuota, ila mahindi hayajui kujitawanya bila mkono wa mtu, maana punje zimeshikwa kwenye gunzi na kufungwa na maganda. Hatari yake ni ya shamba kwa shamba, chavua ya jirani kuingia kwenye mahindi unayotunzia mbegu. Chavua hiyo ni nzito na nyingi huanguka karibu, ndiyo maana wazalishaji wa mbegu huacha mita 200, au hupishanisha tarehe za kupanda ili mbelewele zisitoke pamoja.

Mtama ndio wa kuulizia. Asili yake ni hapahapa Afrika, na mtama pori unaota kando ya makorongo, barabarani, hata katikati ya mistari yako. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si jambo geni asilimia 5 hadi 15 ya punje kutokana na chavua ya nje, na kwenye masuke yaliyolegea huwa zaidi. Uzao wa mtama wa shamba na wa pori huzaa vizuri tu, kwa hiyo jeni ikishavuka hairudi.

Halafu tazama ni jeni ya nini. Ya kuongeza vitamini A haiusaidii mmea kitu huko porini. Ya kustahimili dawa ya magugu haina faida mahali pasipopulizwa dawa, ila shamba likipulizwa, gugu lenye jeni hiyo ndilo linalobaki peke yake na kuzaa. Ya kuzuia wadudu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana wadudu wako kila mahali, na mmea wa porini ungeifaidi bila mtu kuugusa. Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2010 watafiti walipita kando ya barabara za North Dakota, Marekani, wakachukua mimea 406 ya kanola, zao la mbegu za mafuta, iliyojiotea. Mimea 347 ilikuwa na jeni za kustahimili dawa, na miwili ilibeba aina mbili kwa pamoja, mchanganyiko ambao wakati huo hakuna aliyekuwa akiuuza. Zilichanganyika zenyewe.

Sasa kazi ya msimu huu, kwa sababu mtama pori unakuchafulia mbegu hata bila GMO. Ukiwa mchanga hautofautishiki na wa shamba, kwa hiyo panda kwa mistari na ung'oe chochote kilichoota nje ya mstari. Baadaye utautambua kwa shina jembamba lenye machipukizi mengi, suke lililotawanyika, na punje ndogo zilizofunikwa na maganda meusi, zinazopukutika ukizigusa. Chotara husumbua zaidi: huwa mrefu, suke limefunguka nusu, punje zimefunikwa nusu. Unaoweza kuutambua mapema, ng'oa kabla suke halijachomoza. Ukichelewa na punje zimekomaa, funika suke kwa mfuko kwanza ndipo ukate, kisha uchome moto. Usiwape ng'ombe, baadhi ya mbegu hupita tumboni zikiwa hai, na samadi inazirudisha shambani.

Mbegu yako ichukue katikati ya shamba, kamwe si upande wa korongo. Mtama huchanua kuanzia ncha ya suke kushuka chini, kwa takriban wiki moja. Suke likishatoka lote, livishe mfuko wa karatasi ya kaki kabla ncha haijachanua. Ukikuta maua yameshafunguka pale juu, kata kipande hicho kwanza. Mfuko wa plastiki usithubutu, unatunza joto na jasho, suke linaota ukungu. Baada ya wiki tatu hivi uvue, maana vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, hupenda kujificha humo, kisha funga uzi wa rangi ili wavunaji wasilichanganye. Visha mashina yasiyopungua 50. Ukitegemea masuke matano tu, mbegu itapoteza ule mchanganyiko wake unaoibeba mwaka wa ukame.

Jirani yako wa upande wa korongo zungumza naye kabla hajapanda, kwa sababu asipong'oa wake, wewe utang'oa kila mwaka. Niandikie unataka mifuko mingapi ya kaki, nitaituma kwa basi la Kibaigwa.

Nisalimie Baba Eliya na watoto.

Rafiki yako,
Mama Neema