Idi Kubwa Imewakuta Njiani

Assalamu alaikum ndugu, jamaa na marafiki. Idi Mubaraka! Mwenyezi Mungu atutakabalie sisi na nyinyi, na mahujaji wetu awarudishe salama.

Tangu jana, siku ya Arafa, mawazo yangu yako kwa Wabakarwal, wafugaji wa mbuzi na kondoo wa Jammu na Kashmir, kaskazini mwa India. Ni Waislamu wenzetu, na hata jina lao limetokana na mbuzi. Miezi ya baridi hukaa huko chini Jammu, pande za Kathua na Rajouri. Aprili joto likianza kukaza wanafungasha, wanavuka milima ya Pir Panjal, na hawashuki mpaka Septemba au Oktoba.

Mwaka wao huenda na majani. Idi huenda na mwezi, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo haiwakuti mahali pamoja. Mwaka 2015 iliangukia Septemba, mifugo imeshanona kwa nyasi za mlimani. Hiyo ndiyo Idi ya mfugaji, maana wanunuzi wa wanyama wa kuchinja wako bondeni wanamsubiri. Mwaka huu wa 1447 Hijria imeangukia mwishoni mwa Mei. Wengi wako safarini, na mbuzi aliyetoka kwenye baridi akaunganisha na kupanda mlima hana mwili wa kuringia sokoni.

Mwaka 1994 pia Idi Kubwa ilikuwa Mei. Enzi hizo safari ilikuwa ya miguu, wiki kadhaa. Farasi walibeba hema, sufuria na magunia, na kitoto cha mbuzi kilichoshindwa mwendo kilitiwa ndani ya shali, kifuani mwa mtu, kichwa tu nje. Haikuwa enzi ya raha, tusijidanganye. Mapigano yalikuwa yamepamba moto Kashmir na malisho mengi hayakufikika. Na kabla ya hapo, mstari uliogawa eneo hilo kati ya India na Pakistan mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikuwa umeshazikata njia za babu zao. Mwaka 1991 waliandikwa rasmi miongoni mwa makabila yanayolindwa na katiba ya India, lakini sheria ya 2006 inayowapa watu wa misituni haki ya ardhi wanayoitumia haikuanza kufanya kazi kwao mpaka baada ya 2019.

Mtoto aliyebebwa mgongoni Idi ile ya 1994, leo ana watoto wake. Na siku hizi wapo wanaopakia mifugo kwenye malori: safari ya wiki inaisha kwa siku moja au mbili. Mimi siwalaumu. Nani angependa kuswaga kondoo mia kwenye barabara ya lami, honi mbele, honi nyuma? Ila lori nalo lina lake. Anayekwenda kwa miguu hupanda taratibu, theluji ikiyeyuka mbele yake na nyasi zikichipua. Anayeshushwa juu mapema anaweza kukuta malisho bado meupe.

Kuna walimu wa msimu wanaowafuata watoto huko huko malishoni. Familia nyingine huwaacha watoto bondeni wasome, wazazi wakapanda na mifugo. Hao Idi yao leo ni vipande viwili, na malisho mengi ya juu hayana mtandao, kwa hiyo hata kupigiana simu ni mpaka mtu ashuke.

Wakumbukeni kwenye dua zenu. Na sisi ambao simu zinaita, tusisalimiane kwa picha za maua peke yake! Mimi nikijaliwa nitazunguka nyumba kwa nyumba baada ya Adhuhuri. Watoto wakae tayari, mkono wa Idi upo, na pilau mnibakizie.