Tupeni safari ya baiskeli isiyo na mshindi, Shinyanga hadi Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila zinapofanyika mbio za baiskeli Kanda ya Ziwa, kurasa za michezo hutuambia mambo matatu: nani kawa wa kwanza, katumia saa ngapi, kapewa zawadi gani. Sina ugomvi na hayo, vijana wetu wanastahili kuandikwa. Ninachoomba kiwe pembeni yake: siku moja kwa mwaka ya kuendesha baiskeli kutoka Shinyanga hadi Mwanza bila wa kwanza wala wa mwisho, na kila mwenye baiskeli ambayo breki zake zinashika aruhusiwe kuingia barabarani.

Mimi ni mzaliwa wa Kishapu. Kwa sasa kazi yangu ni kuhudumia wazee katika mji wa Jönköping, Uswidi, ulioko ncha ya kusini ya ziwa Vättern. Ziwa hilo ni la pili kwa ukubwa nchini humo, ingawa mtu aliyelelewa jirani na Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, atalitazama na kutabasamu. Kila mwezi Juni maelfu ya watu hulizunguka kwa baiskeli kwa mkupuo mmoja. Safari yenyewe inaitwa Vätternrundan, ilianza mwaka 1966, inaanzia mji wa Motala na kuishia hapohapo. Zamani ilikuwa kilomita 300, siku hizi ni 315. Kwa anayetaka kupima kwa miguu ya nyumbani, hiyo ni karibu sawa na kutoka Shinyanga hadi Mwanza na kurudi.

Wale si wanamichezo wa kulipwa. Ni walimu, mafundi bomba, wauguzi, wastaafu, baba na binti yake. Hakuna jukwaa la washindi. Namba unayovaa ina kifaa kidogo kinachorekodi muda wako, basi. Ukimaliza kwa saa tisa au kwa saa ishirini, medali ni ileile.

Mpangilio wao ndio unaonifanya niandike. Hawapulizi kipenga kimoja wakawaachia watu wote kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi asubuhi vikundi vinaachiwa kila baada ya dakika chache, kila mtu kwa saa aliyopangiwa. Sisi tusio na haraka tunaondoka mapema, wengine usiku kabisa. Wenye miguu ya kukimbia wanalala, wanaamka, wanakuja kutupita asubuhi. Bila taa ya mbele na ya nyuma hupati ruhusa ya kuondoka usiku, na bila kofia ngumu huendi popote. Juni huko usiku ni mfupi, jua linazama baada ya saa nne na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, kwa hiyo giza lenyewe halijai vizuri. Lakini baridi ipo, na vidole vinakufa ganzi kwenye breki.

Ziwa linakuwa kuliani mwako mwanzo hadi mwisho. Unashuka kusini kupitia Ödeshög na Gränna, mji mdogo unaojulikana kwa pipi zake za mistari myekundu na myeupe, na baada ya hapo vilima vinaanza kudai haki yao. Yapata theluthi ya njia unaingia Jönköping, na hapo mimi huwa na mtihani ambao wenzangu hawana: kitanda changu kiko karibu mno na njia. Ukivuka majaribu hayo unapanda upande wa magharibi hadi Hjo, ukishapita nusu. Kisha Karlsborg penye ngome ya zamani ya jeshi, daraja la Hammarsundet upande wa kaskazini, na vilima vya Medevi vinavyokuja wakati mapaja yamekwisha kukataa kazi.

Katika vituo vya njiani unapewa uji mzito wa moto wa matunda madogo ya bluu ya msituni, maandazi yao, na matango ya siki kwa ajili ya chumvi iliyopotea kwa jasho. Nilidhani matango hayo ni mzaha hadi niliponyong'onyea na kuyala.

Hjo wanagawa lazanya. Mwaka mmoja nilisimama pale na mzee mmoja aliyebana mguu wa suruali kwa kibanio cha kuanikia nguo, ili usiingie kwenye mnyororo. Akaniuliza kwetu ni wapi, na kama kwetu kuna baiskeli. Nikamwambia kwetu mtu anapakia magunia mawili ya mkaa kwenye keria na kwenda nayo mjini. Akaweka uma chini.

“Magunia mawili? Kwa gia ngapi?”

Nikamjibu: moja.

Alicheka hadi sahani ikamtikisika, halafu akawaita wenzake wawili waje wasikie. Nami kuanzia pale hadi Karlsborg nilikuwa nikijiuliza: iweje hawa ndio wenye siku ya baiskeli, na sisi Wasukuma, tuliozaliwa tukikuta Phoenix imeegemea ukuta, hatuna? Mimi nilijifunza baiskeli ya baba nikiwa mfupi kuliko tandiko lake, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya mtaimbo, mwili wote umepinda upande. Watoto wengi wa Usukuma wamejifunza hivyohivyo. Maziwa, mchele, dengu, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, bibi harusi, vyote vimepita kwenye keria.

Keria hiyo ndiyo iliyomponza mdogo wangu. Anauza maziwa, madumu mawili kila upande, anakwenda na kurudi kila siku iendayo kwa Mungu. Siku moja alisikia kuna mashindano, akaoga, akapaka mnyororo mafuta, akaenda. Akaondolewa mstarini. Baiskeli yako ya mizigo, aliambiwa, utawasumbua wenzako. Siwataji walioandaa, na kwa mbio za ushindani huenda walikuwa na haki. Lakini alirudi nyumbani akasema neno ambalo sijalisahau: “Dada, kumbe hata baiskeli ina wenyewe.”

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Barabara ya Shinyanga–Mwanza ni ya lami, ina kilomita 160 na ushei, na imeshawahi kutumika kwa mashindano, kwa hiyo polisi na viongozi hawataanzia sifuri. Mwenye nguvu aiendeshe yote. Asiyeweza aanzie Hungumalwa au Misungwi. Watu waachiwe kwa vikundi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali. Vituo viwe Maganzo, Hungumalwa, Mabuki, Misungwi na Usagara, na kila kituo kiwe na maji, kivuli, muuguzi na fundi mwenye viraka na pampu. Chakula tusiagize kwa mtu: uji wa ulezi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na maziwa ya mgando vinatosha kumfikisha mtu Mwanza. Nyuma kabisa lipite lori la kuokota waliochoka pamoja na baiskeli zao, bila kuwacheka.

Najua jibu la kwanza litakuwa mabasi na malori. Ni hoja ya kweli, nami naiogopa barabara ile. Huku Uswidi nako magari yapo. Wanachofanya ni kufunga baadhi ya vipande vya barabara, kupunguza mwendo kwingine, na kuweka watu wenye fulana za kung'aa kwenye makutano. Waendeshaji nao wana adabu yao: wa mbele akiona shimo ananyoosha kidole kulionyesha, wa nyuma naye anamwonyesha aliye nyuma yake, hadi mwisho wa msururu. Hilo halina gharama. Nasi mashimo ya kuonyeshana hatutayakosa.

Jibu la pili litakuwa fedha. Kule watu wa kugawa uji na kuelekeza njia wanatoka vilabu vya michezo vya maeneo yale, na vilabu hulipwa kwa kazi hiyo. Kwetu kituo cha Hungumalwa kinaweza kushikwa na kikundi cha akina mama, cha Mabuki na shule, na malipo yakabaki palepale. Ada iwepo, lakini iwe ndogo kiasi ambacho muuza maziwa ataimudu. Wanaotaka kutangaza biashara zao waruhusiwe kubandika mabango vituoni, ila wasije na masharti ya aina ya baiskeli.

Na wanawake wasisahauliwe. Huku kuna safari yao, fupi kuliko ile kubwa, na wengi hujaribu hiyo kwanza ndipo wanathubutu kuzunguka ziwa zima. Kwetu msichana anapewa baiskeli ya kwendea shule, akimaliza shule baiskeli inahamia kwa kaka yake. Nusu ya njia, Hungumalwa hadi Mwanza, ingewatosha wengi kwa kuanzia, hata wale ambao hawajapanda tandiko tangu walipoolewa.

Maofisa michezo wa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, naamini mnasoma ukurasa huu. Mwezi ninaouona unafaa ni Julai: mvua hakuna, pamba inauzwa, watu wana chochote mfukoni. Tangazeni tarehe miezi sita kabla ili tulio mbali tuombe likizo. Nauli nitajitafutia mwenyewe, na baiskeli nitaazima hukohuko, ilimradi iwe na keria.

Binti wa Kishapu,
Jönköping, Uswidi