Mwanangu, kuhusu wale mamajusi

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Jumapili uliponiuliza kwenye simu ni wapi Biblia inasema mamajusi waliomjia mtoto Yesu walikuwa watatu, nilikujibu kwa ukali. Nisamehe. Usiku nilifungua Mathayo 2, nikasoma polepole. Idadi haipo. Zilizo tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Wala hakuna zizi. Imeandikwa waliingia nyumbani. Nami kila Krismasi nilikuvisha kanzu ya baba yako na taji la karatasi, ukawe mmoja wa wale watatu!

Nikaendelea kutafuta. Tunda la Edeni halikutajwa jina. Tarehe 25 Desemba haimo. Hayo hayakunisumbua. La Maria Magdalene ndilo lililonichoma. Luka anasema alitokwa na pepo saba, basi. Hakuna mstari unaomwita kahaba. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza alihubiri kwamba yeye ndiye yule mwenye dhambi wa Luka 7, na aibu ikamganda mwanamke wa watu karne na karne.

Hapo nikamkumbuka mama yako mdogo. Unajua alivyosomesha watoto wake kwa kupika malwa, pombe ya ulezi, pale Tororo. Unajua pia kwamba mimi sikula chakula chake, hata siku ya msiba, kwa kuwa nilisema Biblia imekataza pombe. Biblia imekataza ulevi. Kule Kana, Yesu aligeuza maji ya mabalasi sita kuwa divai, na Paulo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mistari hiyo niliisoma tangu ujana, na bado nikamhukumu mdogo wangu.

Lakini usiwadharau waliotuachia katazo hilo. Uamsho wa kiroho ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea kwetu Uganda, watu waliungama hadharani, wakalipa madeni, wakaacha pombe. Babu yako alikuwa askari. Mshahara wake uliishia kilabuni, sisi tukalala njaa kambini. Siku aliyookoka, mama alinunua sukari. Naikumbuka ladha ya chai ile mpaka leo. Kwa nyumba yetu katazo lilikuwa dawa, na mimi pombe sitaionja. Nilikosea nilipolifanya andiko, nikampimia nalo mtu ambaye hakuwa mlevi.

Yesu aliwakemea walioacha amri ya Mungu wakashika mapokeo ya wanadamu, na Paulo akawaambia Wathesalonike wayashike mapokeo waliyofundishwa. Yote mawili yamo, mwanangu, kwa hiyo uliza, lakini uliza kwa adabu, hasa mbele ya wazee wa kanisa.

Jumamosi nilikwenda kwa mama yako mdogo. Alinipakulia kalo, ugali wa ulezi, na samaki, nikala nikamaliza. Hatukusema mengi. Krismasi ukitoka Kampala, shukia kwake kwanza, mje nyumbani pamoja.

Mama yako