Shukrani kwa dada wa maktabani aliyenifundisha kusoma hesabu za kampuni

Dada yangu ambaye sikuwahi kukuuliza jina, nakushukuru kwa zile jioni tatu za maktabani, hapa Dar es Salaam, ulipoweka kando kazi zako ukamfundisha mwanafunzi wa sosholojia kusoma hesabu za kampuni. Nilikuwa na gazeti lenye hesabu za mwaka za kampuni, nikitazama mstari wa faida peke yake, kwa kuwa nilidhani faida ndiyo fedha iliyomo mkononi.

Ulichukua penseli ukachora duka la saruji: limeuza mifuko ya shilingi milioni 10 kwa mkopo, mauzo yote yameandikwa, ilhali mwenye duka hana hata nauli, kwa sababu fedha zake bado ziko kwa wadaiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini taarifa ya mtiririko wa fedha mara nyingi huanza na faida, ikarudisha uchakavu, yaani kushuka kwa thamani ya mali kwa kutumika, ambao haukutoa hata senti mfukoni, kisha ikatoa kwenye faida hiyo ongezeko la fedha zilizo kwa wadaiwa. Ulinieleza kwa dakika chache tu uwiano wa mali na madeni ya muda mfupi, unaoonyesha kama kampuni inaweza kulipa madeni yake ya karibuni. Ulichokazania, nami naona ulikuwa sahihi kabisa, ni kusoma maelezo yanayoambatana na hesabu kabla ya kukokotoa chochote, maana huko ndiko inakoonekana mikopo inatakiwa kulipwa lini na imewekewa dhamana gani.

Karatasi yenye lile duka nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu. Ahsante sana, dada.