Umeniuliza umpigie nani

Des Moines, Iowa
Jumapili, 16 Februari 2020

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, isipokuwa baridi imetukalia kooni na theluji ya wiki iliyopita bado imelala uani. Natumaini goti la mama linaendelea vizuri na watoto hawajambo.

Ujumbe wako wa Jumatano niliupata. Uliandika: "Wewe umeshapita huko, niambie tu nani anaweza kumshinda Trump nimpigie, yaishe." Nimeandika jibu mara tatu kwenye simu nikalifuta, kwa sababu kila nilipotaja jina nilihisi nakudhulumu. Nikaona bora nikae chini nikuandikie barua, kama zamani.

Swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi mpaka saa moja na dakika arobaini hivi, usiku wa tarehe 3 Februari. Acha nikueleze lilivyoniponyoka.

Januari yote huku hatukuwa na mazungumzo mengine. Ukienda kanisani, ukipanda gari na mwenzako, ukikaa kula kazini, ni wagombea tu wa chama chetu cha Democratic, na nani kati yao asimamishwe kupambana na Trump Novemba. Kwenye chumba chetu cha mapumziko palikuwa na wawili waliokuwa wakivutana kila siku, wote wauguzi wasaidizi kama mimi. Mmoja alikuwa wa Bernie Sanders, damu na nyama. Mwanawe ana pumu, na bima yake haianzi kulipa mpaka yeye mwenyewe atoe maelfu ya dola kwanza. Kwake yeye, Sanders akisema serikali imkatie bima kila mtu, hiyo si siasa, ni kipulizia cha mtoto. Mwenzake mume wake yuko kwenye chama cha wafanyakazi, na bima yao nzuri waliipigania kwenye meza ya mazungumzo, wakakubali nyongeza ndogo ya mshahara ili waipate. Akawa anauliza: "Hiyo yangu mtainyang'anya mnipe ipi? Mmeiona?" Ndiyo maana alimpenda Pete Buttigieg, aliyesema anayetaka bima ya serikali aichukue, anayetaka kubaki na yake abaki nayo.

Nakwambia, nimejifunza kwa wale wawili kuliko kwenye televisheni. Walikuwa wanagombana juu ya kitu. Kila mmoja alijua anataka nini na kinamuuma wapi.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni na chai yangu, nikiulizwa nasema, "Biden. Ndiye anayeweza kushinda." Basi. Na watu walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, kwa sababu neno hilo lilikuwa halina ubishi: amekuwa makamu wa rais miaka minane, kila mtu anamjua, wazungu wa mashambani hawamwogopi. Nilikuwa natoa hesabu za vichwa vya watu wengine. Cha kwangu sikukigusa.

Halafu ukaja ule mdahalo wa tarehe 14 Januari, hapahapa mjini, Chuo Kikuu cha Drake. Uliuona? Elizabeth Warren alikuwa amesema kwamba Sanders alimwambia mwaka 2018 mwanamke hawezi kushinda urais. Sanders akakana. Wakaulizwa jukwaani, kila mmoja akashikilia lake, na mdahalo ulipoisha mama yule alikataa hata kumpa mkono. Kesho yake kazini hakuna aliyezungumzia bima. Ilikuwa ni hilo tu: mwanamke anaweza au hawezi? Na waliokuwa wakisema kwa sauti kubwa kwamba hawezi walikuwa ni wanawake, shoga yangu. "Mimi ningempigia, lakini watu hawatampigia." Niliisikia sentensi hiyo kwa watu wanne tofauti siku moja. Mmoja alikumbusha kwamba Hillary Clinton mwaka 2016 alipata karibu kura milioni tatu zaidi ya Trump nchi nzima, na kilichomwangusha ni hesabu ya majimbo. Hakuna aliyemsikiliza. Hofu ilikuwa imeshatangulia.

Sasa nikupeleke ukumbini. Huku hatukuingia kwenye kibanda cha siri. Wenyewe wanaita kokasi: mnakusanyika jioni moja, mnasimama kwenye kona ya mgombea wenu mbele ya macho ya majirani, mnahesabiwa. Kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria linavunjika, na watu wake wana hiari ya kuhamia kwingine, kuungana na wadogo wenzao, au kwenda zao nyumbani. Sisi tuliwekwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, chini ya goli la mpira wa kikapu. Tulikuwa 212, na mwenyekiti akatangaza kwamba kundi linalotaka kuishi lazima liwe na watu 32.

Wa Sanders walikuwa 61, vijana wengi, wengine wa miaka 17, maana huku ukiwa utatimiza 18 kabla ya uchaguzi wa Novemba unaruhusiwa. Wa Buttigieg 47. Wa Warren 41. Wa Amy Klobuchar, seneta wenu wa Minnesota, walikuwa 29, wamepungukiwa watatu tu. Sisi wa Biden tulikuwa 24. Waliobaki walikuwa wachache wa Andrew Yang na wawili wa Tom Steyer.

Ishirini na wanne! Nilihesabu mwenyewe kwa kidole mara mbili. Yule anayeweza kushinda hakuweza kupata watu wanane zaidi katika ukumbi ule.

Basi kukawa na dakika za kubembelezana. Watu wa kona nyingine wakatujia kama wachuuzi stendi. Akaja mzee mmoja wa kundi la Klobuchar, mkulima mstaafu, kofia ameishika mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, wewe kwa Biden unapenda nini?" Nikamwambia anaweza kumshinda Trump. Akasema, "Sawa. Kingine?" Nikafungua mdomo. Sikupata neno. Na si kwamba Biden hana la kusemwa, anayo mengi, lakini mimi sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikamgeukia dada aliyesimama karibu yangu aniokoe, nikamwuliza yeye kwa nini amekuja kona hii. Akasema, "Nilidhani ninyi wote mnampenda."

Nimelirudia neno hilo usiku na mchana tangu siku ile. Nilidhani ninyi wote mnampenda. Kila mmoja wetu, au tuseme wengi wetu pale, tulikuwa tumesimama kwa ajili ya mtu mwingine ambaye hakuwepo: mzungu fulani wa Pennsylvania, mfanyakazi fulani wa kiwanda cha Michigan. Nao wakulima wa kweli wa Iowa, wale tuliokuwa tunawakisia mioyo, walikuwa kona ya pili wanatutazama.

Mkononi nilikuwa na kadi. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza watu wanaandika chaguo lao kwenye kadi na kutia saini ili kuwe na kumbukumbu. Upande wa kwanza nilikuwa nimeshaandika Biden. Nikaigeuza upande wa pili, mweupe. Kalamu ilikuwa inaning'inia kwa uzi kwenye meza ya mwenyekiti, na foleni ilikuwa nyuma yangu.

Kilichoniamulia ni binti mmoja wa kundi la Warren, mtoto wa mwaka mmoja hivi kalala begani mwake, udenda umelowesha shati lote. Hakunihubiria. Aliniambia analipa zaidi kwa mlezi wa mtoto kuliko kwa nyumba, na kwamba Warren ana mpango wa malezi ya watoto ambao hakuna familia italipa zaidi ya asilimia 7 ya kipato chake, na fedha zitatoka kwenye kodi ya asilimia 2 kwa utajiri unaozidi dola milioni 50. Nikamwuliza, na Bunge likikataa? Akasema, "Litakataa mara ya kwanza." Unakumbuka mimi nilivyoacha masomo ya uuguzi mwaka ule kwa sababu sikuwa na wa kumwachia mtoto? Unakumbuka, maana wewe ndiwe uliyenishikia mtoto siku za mitihani mpaka ukahama. Nikaandika Warren.

Wanne kati ya wenzangu walikwenda kwa Klobuchar, akavuka kizingiti, na mzee yule akarusha kofia juu. Dada aliyenijibu lile neno alichukua koti lake akaondoka. Hilo liliniuma.

Na lipo lingine linaloniuma, sitaki nikufiche. Wale wawili wa chumba cha mapumziko, waliobishana mwezi mzima, hakuna hata mmoja aliyehesabiwa. Wote walikuwa zamu ya jioni. Kokasi ni saa moja usiku, na asiyekuwepo na lake halipo. Kulikuwa na vituo maalumu vichache kwa watu wa zamu, lakini ilibidi viombwe mapema na sisi hatukujua. Watu waliokuwa na la kusema kuliko sote walikuwa wanageuza wagonjwa vitandani, mimi niliyekuwa sina la kusema nikahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo usije ukadhani nakusifia utaratibu huu. Mjadala wake ni mzuri, mlango wake ni mwembamba.

Mambo ya matokeo uliyaona kwenye habari. Programu ya simu ya kupelekea hesabu iligoma, mwenyekiti wetu akakaa na simu sikioni mpaka watu wakafunga ukumbi, na nchi nzima ikasubiri siku kadhaa. Mwisho Buttigieg akapewa wajumbe 14 wa mkutano mkuu wa chama, ule unaomteua mgombea, Sanders 12 ingawa ndiye aliyeongoza kwa idadi ya watu waliosimama, Warren 8, Biden 6, na Klobuchar mmoja. New Hampshire, tarehe 11, Sanders akaongoza, Buttigieg akamfuata, Klobuchar wa tatu, Warren wa nne, Biden wa tano.

Biden wa nne huku Iowa, kisha wa tano kule. Huyo ndiye niliyeambiwa na kila mtu, nikamwambia kila mtu. Simaanishi amekwisha. South Carolina wanapiga kura tarehe 29, na wapiga kura Weusi wa kule wanamfahamu Biden kwa miaka mingi, wana sababu zao juu yake. Akiinuka kule, atainuliwa na watu wanaojua wanachokipenda kwake, si na watu waliosimama wakidhani wengine ndio wanampenda. Na mimi sitamsema vibaya.

Sasa ya kwako. Kwenu ni kura ya kawaida tarehe 3 Machi, siku moja na majimbo mengine 13. Utaingia kwenye kibanda peke yako, hakuna mzee wa kofia wa kukuuliza. Kwa hiyo jiulize mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Ukiomba karatasi lazima useme ni ya chama gani, na chama chetu cha Democratic kwenu Minnesota kinaitwa DFL, usibabaike. Karatasi ina majina 15 kwa sababu ilichapwa mapema. Cory Booker, Julián Castro na Yang wamo, nao wameshajitoa. Ndiyo maana nakuomba sana usipige mapema kwa posta ili tu "yaishe". Kati ya leo na tarehe 3 kuna Nevada na South Carolina, na anayejitoa usiku wa kuamkia kura huondoka na kura za wote waliowahi. Kwenu pia asilimia 15 inahesabika: asiyeifikisha hapati mjumbe.

Najua Klobuchar ni wa nyumbani, na shemeji anampigia debe. Nami namheshimu, alisimama imara kwenye mdahalo wa New Hampshire. Lakini kama unampigia, nataka iwe kwa sababu ya kitu alichofanya ukakiona, si kwa kuwa ni wa jirani. Na kama ni yule bilionea Michael Bloomberg, kwa kuwa matangazo yake yanatoka kila ukiwasha televisheni, basi kaa chini kwanza mtu akueleze alivyokuwa meya New York, hasa habari ya polisi kuwasimamisha na kuwapekua vijana Weusi. Una wana wawili wa kiume.

Wewe ndiye uliyelala sakafuni siku nne hospitalini na mama, ukabishana na watu wa bima kwa Kiingereza ulichokuwa bado unajifunza, ukashinda. Unajua unachotaka kuliko mimi nilivyojua nikiwa nimesimama chini ya goli lile. Ndiyo maana jina sikupi.

Jumamosi ya tarehe 29 siko zamuni. Matokeo ya South Carolina yakianza kutoka nipigie, tuwe kwenye simu pamoja. Usinianzie na jina. Anza na sababu, kisha tubishane mpaka watoto walale.

Nisalimie mama sana, mwambie goti asililazimishe ngazi. Shemeji naye salamu zake.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.